Maziwa ya Muzdalifa

Bi Mize ndiye aliyeiona rangi ile kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza anateremka kwenye pikapu ya mwanawe Shaame, mkononi kabeba shelisheli mbili za kumletea mkwewe, na kabla hajamaliza kuitikia karibu aliyokaribishwa, macho yake yakaenda kwenye kikombe cha bati alichokishika Muzdalifa. Kikombe kilikuwa cheupe, ukingo wake wa buluu. Maziwa yaliyokuwamo hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya majivu ya jikoni, na pale yalipogusa bati yalikuwa yameanza kupiga weusi.

"Unakunywa nini, mwanangu?" aliuliza Bi Mize.

Muzdalifa akatazama ndani ya kikombe. Chumbani alikotoka kulikuwa na giza, naye alikwisha kunywa nusu. Alikinyoosha tu kile kikombe mbali na mwili wake, kama mtu aliyekuta mdudu ndani ya nguo.

Bibi yake, Bi Kidawa, alikuwa anatoka mlangoni na mkeka wa kuwatandikia wageni. Alipokiona kikombe, mkeka ukamponyoka.

Muzdalifa alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya kwanza, na kama ilivyo ada alikuwa amerudi kwao Bwejuu kwa bibi yake kujifungua. Bi Kidawa ndiye aliyemlea tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu siku hiyo hiyo mama yake alifariki. Mama huyo alikuwa binti pekee wa Bi Kidawa. Alizaa ndani ya nyumba hii hii, damu ikamwagika isikatike, na asubuhi bibi akabaki na kitoto mikononi. Aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi nesi wa kituo alipompima Muzdalifa na kusema damu yake ni ndogo, tena ndogo sana, Bi Kidawa usingizi ulimruka.

Vidonge vya kuongeza damu alipewa. Kila akimeza, alitapika. Alimeza na uji, akatapika. Alimeza na tende, akatapika. Uso ukazidi kumpauka mpaka vikucha vikawa kama vya maiti, Mungu atuepushe.

Hapo ndipo alipokuja Asila. Alikuwa msichana wa mjini, mtu wa mtaa wa Malindi, wazee wake wenye asili ya Kiarabu, amesomea ng'ambo mambo ya vyakula na kurudi mwaka huo wa 2003 kufanya kazi katika maabara moja mjini. Hospitali ilikuwa imempa ruhusa kuwagaia wajawazito wachache wa pwani ya mashariki maziwa aliyoyatengeneza yeye na wenzake. Aliwaeleza kwa upole, amekaa chini kama wenyeji. Alisema kinachochafua tumbo ni kile chuma kilichomo ndani ya dawa, na ndicho hicho hicho mwili unachokitaka kutengenezea damu. Basi wao wamekificha ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni, kama kiini cha yai kinavyokaa ndani ya utando wake. Ulimi haukionji, tumbo haliudhiki, mpaka kifike chini kwenye utumbo. Maabara waliviita nanoliposomu. Bi Kidawa jina lile lilimshinda, akawa anasema "vifuko vya Asila", na Asila akacheka akasema hilo ndilo jina zuri zaidi.

Kila wiki aliacha chupa za wiki nzima zilizozibwa, zikakaa baridini ndani ya mtungi wa maji, na aliagiza mambo matatu. Maziwa yasichemshwe. Yasichanganywe na chai. Yasitiwe ndimu.

Wiki mbili Muzdalifa alikunywa, na wiki mbili hakutapika. Bi Kidawa alianza kulala tena. Sasa leo kikombe kimegeuka rangi, na nusu yake imo tumboni mwa mjukuu wake.

"Lisemwalo lipo," alisema Bi Mize. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyotisha zaidi. "Kule kwetu Kizimkazi wameshasema. Wanapita na vinywaji vya kuwafunga watu vizazi. Mimi nikakataa, nikasema hayawezi kufanywa hayo. Sasa nnayaona kwa macho yangu."

Shaame alikichukua kikombe kwa mkewe, akanusa, akakiweka juu ya ukuta wa baraza, mbali, kwa uangalifu, kana kwamba kinaweza kuruka. Alikuwa kijana mnene, mpole wa maneno, lakini taya zilikuwa zimemkaza. Akamwuliza Muzdalifa tumbo linamuuma? Muzdalifa akatikisa kichwa. Mtoto anacheza? Akaweka mkono ubavuni, akangoja. Wote wakangoja. Hatimaye akasema, "Anacheza." Shaame akavuta kigoda akakiweka kivulini, akamkalisha mkewe kwa kumshika viwiko. Bi Kidawa, pamoja na hofu yote iliyomjaa, aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Bi Mize alisema Muzdalifa akusanye nguo zake. Watakwenda naye Kizimkazi sasa hivi, na huko atazaa kwa mkunga wao, ndani ya nyumba, kama yeye alivyowazaa wanawe wote. Hakuna tena maziwa, hakuna tena kupimwapimwa, na ile habari ya nesi, ya kumpeleka hospitali ya mjini kabla ya siku zake, yeye hataki kuisikia tena.

Bi Kidawa alilishika hilo moja tu. Azae ndani. Na damu ile. Aliona godoro la miaka ile, aliona kanga zilizolowa. Lakini maziwa yale ni yeye aliyeyakubali, ni yeye aliyemshawishi mjukuu wake anywe.

"Leo ni siku yake ya kuja," ndiyo aliyoweza kuyatoa. "Asila. Huja kila Alhamisi."

"Na aje," alisema Shaame. "Nataka anambie usoni."

Basi wakangoja. Jua lilipanda, kivuli kikawa kinasogea, na kila kivuli kikisogea Shaame alisogeza kigoda. Bi Mize alikaa na furushi la ukili wake wa mkeka, akasuka bila kutazama vidole, macho hayabanduki kwa mkwewe. Bi Kidawa alimtazama Muzdalifa midomo, alimtazama jasho, alimtazama mikono. Mara moja Muzdalifa alijikunja kidogo na kila mtu akasimama. Ilikuwa kiungulia tu. Wakakaa tena. Juu ya ukuta, kikombe kilizidi kuwa cheusi.

Gari la Asila lilipotokea kwenye njia ya minazi, Bi Kidawa hakuweza kwenda kulipokea kama alivyozoea. Asila aliteremka na sanduku lake la barafu, amejitanda mtandio, anatabasamu.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Shikamoo, Bi," akamgeukia Bi Mize.

Bi Kidawa aliitika. Bi Mize hakuitika. Aliendelea kusuka. Shikamoo ile ikabaki hewani, na tabasamu la Asila likafa polepole. Mtu mzima akikunyima marahaba, umeshahukumiwa hata kabla hujajua kosa.

Shaame akamwonyesha kikombe.

Asila alikinusa, akabadilika uso. Bi Kidawa aliliona hilo pia, na lilimwogopesha kuliko yote, maana alikuwa ametumaini Asila ataona na kucheka. Badala yake alipiga magoti mbele ya Muzdalifa, akamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, akamfunua kope, akamuuliza maswali kwa haraka. Kisha akashusha pumzi. Akasema Muzdalifa hana dalili ya ubaya, lakini maziwa haya yameharibika na yeye hajui kwa nini.

"Hujui," alisema Bi Mize. Sasa aliuweka ukili chini. "Bibi yangu alikuwa akitoka huku kwenda kuchuma karafuu kwenye mashamba ya babu zenu. Babu zenu wakitupimia karafuu, leo nyinyi mnatupimia damu. Na hujui."

Asila aliinamisha kichwa. Alifungua sanduku lake, akatoa chupa mpya, akaitia katika bilauri mbele yao wote. Maziwa meupe. Akayatikisa, akayainua juani. Meupe. Akaomba mojawapo ya chupa za wiki iliyopita zilizobaki ndani ya mtungi. Ikaletwa, ikamiminwa. Meupe vile vile.

Lakini ikiwa chupa ya wiki iliyopita ni nyeupe na ya leo ni nyeupe, basi kilichotokea kimetokea baina ya mtungi na kikombe. Na baina ya mtungi na kikombe palikuwa na mkono mmoja tu. Bi Mize alikuwa wa kwanza kugeuza shingo. Kisha Shaame. Mwisho, na hili ndilo lililomkata maini Bi Kidawa, Muzdalifa mwenyewe.

"Basi ni la nyumba hii," alisema Bi Mize taratibu.

Bi Kidawa alikuwa ameishi miaka mingi bila mtu kumtilia shaka. Alisimama pale na mikono yake mitupu, mikono iliyomwogesha mtoto yule, iliyomtafunia chakula alipoota meno. Neno lile ambalo hakuna aliyelitamka, uchawi, alilisikia wazi.

"Sikutia kitu," alisema. "Sikuchemsha. Sikutia chai. Sikutia ndimu. Nimefanya kama nilivyoambiwa, Mungu shahidi yangu."

Asila alimwamini. Alimwendea, akamshika mkono, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Bi, najua. Njoo unionyeshe tu. Fanya kama ulivyofanya asubuhi, usiache hata kimoja. Hata kama si kitu."

Wakaingia jikoni wote, jiko dogo la makuti lililojaa moshi, Shaame akainama mlangoni asijigonge. Bi Kidawa alitoa chupa nyingine mtungini. Akakisuuza kikombe kingine cha bati. Akamimina. Tone moja likaanguka mafigani likatoa harufu. Kisha, bila hata kutazama, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake mwenyewe, akanyoosha mkono kwenye kisufuria kilichokaa daima pembeni ya jiko, akateka kijiko kimoja, akatia.

"Hicho nini, Bi?" aliuliza Asila.

"Si kitu, mwanangu. Maji ya karafuu. Usiku wa jana alikuwa anatetemeka kwa kipupwe hiki, nikasema maziwa baridi yatamwingia mgongoni. Nkamtoa baridi tu."

Wakatazama ndani ya kikombe. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha pale kijiko kilipopita pakajichora mstari, hafifu, kama moshi ndani ya maji. Mstari ukapanuka. Maziwa yakawa majivu.

Asila alifunika uso kwa mikono yote miwili. Bi Kidawa alidhani analia. Alipoufunua, hakuwa analia, lakini hakuwa mbali.

"Nimesema chai, nimesema ndimu," alisema. "Karafuu sikuisema. Mtoto wa Unguja mimi, nimekulia juu ya majamvi ya karafuu, na sikuikumbuka. Hata niliponusa kikombe nje, niliisikia, nikaona ndiyo harufu ya nyumba."

Lakini Bi Mize hakuwa mtu wa kumalizwa kwa neno moja. Alisema tangu azaliwe anakunywa maziwa kwa karafuu, na hajapata kuona karafuu ikiyageuza maziwa meusi. Kwa hiyo ubaya haumo ndani ya karafuu, ubaya umo ndani ya chupa. Na alisema kweli, Bi Kidawa aliona. Palikuwa na kweli ndani yake. Shaame naye akaitikia kwa kichwa kumkubalia mama yake, akatazama nje, kwenye pikapu.

Asila akauliza kama vidonge vya kituo bado vipo. Bi Kidawa alikuwa amevifunga kwenye pindo la kitambaa, vile vilivyomshinda Muzdalifa. Asila akamgeukia Bi Mize. "Hivi, Bi, unavijua?"

Bi Mize akavitazama. Akasema anavijua, alivimeza mwenyewe alipokuwa na mimba ya Shaame.

Asila hakukishika hata kimoja. Alimpa Bi Mize kinu kidogo cha kutwangia kitunguu thumu, akamwomba akioshe mwenyewe, akitwange kidonge mwenyewe, akitie maji ya karafuu mwenyewe, mkono wa mtu mwingine usiguse. Bi Mize alimkazia macho. Kisha akatwanga. Akatia kijiko cha karafuu, akakoroga kwa kidole.

Maji yakawa meusi tititi. Kidole chake pia.

Bi Mize alikiinua kile kidole kwenye mwanga wa mlango, akakisugua kwenye kidole gumba, kikazidi kung'ang'ania. Uso wake ulikuwa haujalainika, lakini umeanza kufikiri.

"Kama ukili," alisema mwishowe, akijisemea zaidi kuliko kuwaambia wao. "Ukitaka ukili mweusi unachemsha gome la mkandaa, halafu unatia misumari yenye kutu. Mama yangu akifanya hivyo."

"Ndiyo hiyo hiyo, Bi," alisema Asila. "Karafuu ina kitu kama cha gome, na kidonge kina chuma. Vikikutana hugeuka wino. Ndani ya maziwa yangu chuma kimefichwa ndani ya vifuko, lakini mafuta ya karafuu ni makali, yanaupasua ule utando. Chuma kikatoka. Si sumu. Ila chuma kilichoshikwa na karafuu hakiingii mwilini. Kinapotea bure tu."

Kisha akakichukua kikombe alichotengeneza Bi Kidawa, kile kilichogeuka majivu mbele yao, na kabla mtu hajamzuia akakinywa chote. Alikunja uso. "Kina ladha ya msumari," alisema. Muzdalifa, aliyesimama mlangoni ameshika mgongo, akatokwa na kicheko kidogo kilichomshtua mwenyewe.

Lakini Bi Mize alitoka nje akaenda kusimama kando ya pikapu, mkono juu ya mlango wa gari. Alisema ameelewa habari ya rangi. Habari ya moyo ndiyo hajaielewa. Leo ilikuwa karafuu. Kesho itakuwa nini ambacho msichana wa mjini amesahau kukisema? Yeye bado anataka mkwewe aondoke. Shaame alisimama baina ya mama na mke, funguo mkononi, na Bi Kidawa akajua kwamba lile litakalosemwa sasa ndilo litakalobaki.

Hakuwa amepanga kusema. Miaka yote hakupata kulitaja jambo lile mbele ya wakwe.

"Bi Mize," alisema, "mama yake huyu nilimzalisha ndani ya chumba kile. Palikuwa na mkunga mzuri, na dua, na maji ya karafuu. Vyote vilikuwapo. Damu tu ndiyo iliyokuwa haipo. Ukimchukua, mimi sina nguvu ya kukuzuia, mke ni wa mwanao. Lakini nakuomba, usinipe tena asubuhi ile."

Bi Mize alikitazama kidole chake cheusi. Kuku wakapita baina yao, na Shaame akawa anazifinya funguo kama mtu anayekamua nguo.

Aliyesema alikuwa Muzdalifa. Aliikaribia pikapu, akamshika mama mkwe wake mkono uleule wenye wino.

"Mama, nnabaki. Maziwa ntakunywa, na hospitali ntakwenda. Ila njoo ukae na mimi hapa. Wewe utakuwa unanitilia mwenyewe, chupa mpaka kikombe. Bibi hatakuwa peke yake, na wewe utaona kila kitu."

Ndiyo ikawa hivyo. Pikapu iliondoka na Shaame peke yake, na Bi Mize akatandikiwa mkeka chumba kimoja na Bi Kidawa. Siku za mwanzo walisemeshana kwa adabu tu, kama watu waliopangishwa. Kila asubuhi Bi Mize aliitoa chupa mtungini, akaimimina, akakiinua kikombe juani mpaka aridhike, ndipo ampe mkwewe. Kile kisufuria cha karafuu alikipandisha juu ya kichaga, na Bi Kidawa alipotaka maji yake ya karafuu ilimbidi amwombe. Kila Alhamisi Asila alikuja, akasema shikamoo, na kila Alhamisi Bi Mize aliitika kwa kichwa.

Damu ilipanda, si sana. Nesi alisema ingekuwa vyema zaidi, lakini siku hazingoji. Muzdalifa alipelekwa mjini wiki moja kabla ya siku zake, na ilipofika saa yake damu ilitoka kama bibi yake alivyoogopa tangu mwanzo. Bi Kidawa alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amekumbatia kanga safi ambazo hakuna aliyekuja kuziomba. Madaktari waliingia, wakatoka. Shaame aliitwa akatolewa damu, akarudi amejishika mkono. Bi Mize aliketi ubavuni kwa Bi Kidawa, na bila kumtazama akaupitisha mkono wake nyuma ya mgongo wake, ukakaa hapo.

Daktari alipotoka alisema wamewahi. Mtoto ni wa kike, na mama yake amechoka lakini yu macho. Akasema kuwa kama Muzdalifa angekuja na damu ile aliyokuwa nayo mwanzo, yeye hataki kufikiria lingetokea nini. Hakusema ni maziwa, hakusema si maziwa. Bi Kidawa hakumwuliza. Alikuwa ameinama, anaikunja kanga upya, pembe kwa pembe, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Asila alifika alasiri, anakimbia, mtandio umemwanguka. "Shikamoo, Bi Kidawa. Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mize. "Na ile ya siku ya kwanza pia. Marahaba."

Kisha akafungua chupa ya chai aliyokuja nayo, akamimina vikombe viwili, na harufu ya karafuu ikajaa ukumbini. Kimoja akampa Asila, kimoja akampa Bi Kidawa.

"Kunyweni nyinyi," alisema. "Mzazi hapewi."